Fizibu haifi bure

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wote mnaosoma habari zetu kwa simu, leo siwaletei habari ya mkutano wala ya bei ya unga. Nawaletea habari ya nyumbani kwangu. Wengi mlinitumia ujumbe baada ya mimi kusema kwa kifupi, katika kipindi cha asubuhi, kwamba nilikaribia kuchoma nyumba yangu kwa sababu ya mikroonde. Mliuliza: ilikuwaje? Na mafundi wawili watatu waliuliza kwa hasira kama nawatukana. Basi nimekaa chini niandike yote kwa utaratibu.

Mimi naishi Katuba na mke wangu na mama yangu mzazi. Mwezi wa tatu 2025 yaya yangu alifika kwetu kutoka Bukavu. Njia ile mnaijua ninyi mlioipitia. M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wakaingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Watu wakashuka mpaka Uvira, wakapanda mashua kwenye ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, na kutoka Kalemie kila mtu akatafuta lori lake. Yaya alifika na begi moja, mtoto mchanga mgongoni, msichana wa miaka 11, na kijana wa miaka 18. Kijana alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali, ule tunaouita Exetat. Makaratasi yake ya shule yalibaki nyumbani, na ufunguo wa nyumba hiyo uko mfukoni mwa yaya mpaka leo.

Nyumba ya watu watatu ikawa ya watu saba.

Mikroonde ile niliinunua ya mkono wa pili, nikaileta nyumbani kwa taksi, nimeishika mapajani kama mtoto. Watu husema ni chombo cha matajiri. Kwetu ilikuwa chombo cha usiku. Mama yangu hana meno mengi, anakula vitu laini na vya moto. Mimi natoka saa kumi na nusu za alfajiri kwenda kazini. Na mtoto wa yaya aliamka saa nane za usiku akitaka uji. Ukitaka kuwasha mbabula saa hiyo, utatafuta makala, utatafuta karatasi, utapuliza mpaka machozi yatoke, na mtoto analia nusu saa nzima. Umeme ukiwepo, mikroonde ilimaliza kazi kwa dakika mbili.

Katikati ya mwezi wa sita ilianza kufa. Msichana aliweka uji dakika mbili, akaona umeshapata moto, akafungua mlango kabla saa ya mashini haijafika mwisho. Tukasikia “tak!” na taa ya ndani ikazimika. Jirani yangu akaja na turnevisi, akafungua kasha, mimi namwangazia kwa simu. Akatoa fizibu, ile ya kioo chenye uzi mwembamba ndani. Uzi ulikuwa umekatika. Nikanunua nyingine, akaitia, mashini ikafanya kazi. Tukafurahi. Baada ya siku tatu, “tak!” tena, wakati uleule wa kufungua mlango.

Nikasema, basi, tutarudi kwa mbabula. Lakini mnajua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba. Watu wa kwetu wamezoea, ila mtoto mchanga hajui. Usiku mmoja yaya aliingiza mbabula ndani ya chumba ili apashe uji, na kwa sababu ya baridi akafunga mlango na dirisha. Nilipoamka kwenda kazini nilimkuta amekaa chini mlangoni anatapika, msichana analia kichwa, na mtoto amelala usingizi mzito ambao sikuupenda. Tuliwatoa wote nje kwenye hewa. Mungu alisaidia, walipona. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala moja kwa moja. Mimi mwenyewe nimesoma habari za vifo vya namna hiyo kwenye redio zaidi ya mara moja. Nilikuwa nazisoma kama habari za watu wengine.

Asubuhi ileile nikabeba mikroonde kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Sitamtaja jina, na mwishoni mtaelewa kwa nini. Akafungua, akaangalia, akacheka.

“Papa jurnaliste, aina mambo. Njo fizibu tu. Tutaweka waya, haitakufa tena.”

Nilikuwa na haraka. Nilipaswa kwenda kuchukua sauti za watu kwa ajili ya habari za saa sita. Nikamwambia: fanya, ila bei iwe nzuri. Akachukua nyuzi za shaba, akazisokota, akazifunga mahali pa fizibu. Niliona kwa macho yangu mawili. Nikamlipa 15,000 franka, nikaondoka. Kwa hiyo msiseme kwamba fundi alinidanganya. Hakunidanganya. Aliniuzia kile nilichomwomba.

Kwa siku tatu mashini ilifanya kazi vizuri. Siku ya nne, jioni, msichana akafungua mlango kabla ya wakati. Safari hii hatukusikia “tak”. Tulisikia mlio kama wa bati linalopigwa na jiwe. Taa za nyumba nzima zikafifia, prizi ikatoa moto, ukuta ukawa mweusi mpaka juu ya dirisha, na harufu ya plastiki ikajaa. Mama yangu akaanza kusali kwa sauti. Msichana alisimama pale pale, mkono bado kwenye mlango wa mashini. Kijana wa yaya ndiye aliyekimbia nje akavuta swichi kubwa ya nyumba. Haikuanguka yenyewe kama inavyopaswa, kwa sababu nayo, tuligundua kesho yake, ilikuwa imefungwa waya na mpangaji aliyetutangulia. Naye bila shaka alikuwa na haraka.

Tulipowasha mishumaa, kijana akasogea karibu na mashini, akaichungulia bila kuigusa. Tangu afike kwetu alikuwa hazungumzi sana. Usiku ule alisema:

“Mujomba, fizibu haifi bure. Ilikuwa inatuambia kitu, sisi tukaifunga mdomo.”

Huko Bukavu, baada ya masomo, alikuwa anakaa kwa fundi wa redio na televisheni, miaka miwili, anajifunza. Mimi sikujua hilo. Alikuwa nyumbani kwangu miezi mitatu na sikuwahi kumuuliza anajua kazi gani. Nilimuuliza habari za vita tu, kama tunavyowafanyia watu wengi waliokimbia.

Akanieleza hivi, nami nawaeleza ninyi. Mlango wa mikroonde una ndoano. Ukiufunga, ndoano zinaingia ndani na kubonyeza swichi ndogo ndogo, kila moja kubwa kama kipande cha sukari. Mara nyingi ni tatu. Mbili zinaruhusu umeme upite mlango ukiwa umefungwa, na zinaukata mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili. Ikiwa swichi zimezeeka na chuma chake kimeshikana, zinaacha kukata. Hapo ya tatu inaunganisha waya mbili kwa makusudi, ili fizibu ife na mashini isimame. Ndiyo maana fizibu yetu ilikufa kila tulipofungua mlango, na haikufa wakati mwingine wowote. Swichi ilikuwa imekwama, mlinzi akapiga kelele, fizibu ikajitoa sadaka. Tulipoweka waya mahali pa fizibu, kelele ile ikaenda kutokea kwenye prizi na ukuta.

Kwa nini walioitengeneza walijali mlango kiasi hicho? Hili nilimuuliza teknisyen wa redio yetu, yule anayelinda emeteri. Akacheka: “Wewe unafanya kazi ndani ya redio na hujui? Mikroonde ni emeteri iliyofungiwa ndani ya sanduku.” Sauti yangu inakufikieni kwenye FM kwa mawimbi ya karibu megahezi 100. Mikroonde inatoa mawimbi ya megahezi 2,450, na kwa nguvu ya mamia ya wati, yote ndani ya sanduku la chuma, juu ya sahani moja ya uji. Maji yaliyo ndani ya chakula yanatikiswa na mawimbi hayo mpaka yanapata moto. Sanduku likifungwa vizuri hakuna shida. Lakini mwili wa mtu nao ni maji. Mlango ukifunguka na mashini haijazimika, mkono wa mtoto unakuwa chakula kingine.

Teknisyen aliniambia pia kwamba moyo wa mashini hii, magnetroni, ulitoka vitani. Waingereza John Randall na Harry Boot waliunda ile yenye nguvu mwaka 1940, kwa ajili ya rada za kutafutia ndege za adui. Mwaka 1945 Mmarekani Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi ya magnetroni katika kampuni ya Raytheon, aliona peremende imeyeyuka mfukoni mwake, akaanza kufikiria chakula. Spencer alikuwa yatima, hakumaliza hata shule ya msingi, akajifunza kazi kwa mikono. Mashini za kwanza za kuuzwa, za mwaka 1947, zilikuwa ndefu kama mtu na uzito wake ulikaribia kilo 340. Nilimsimulia kijana wa yaya. Akauliza jambo moja tu: “Hakumaliza shule, na walimwacha agusa mashini?”

Sasa, kugusa. Kesho yake mimi ndiye niliyesema: fungua basi, tuone swichi. Akakataa. Alisema ndani kuna kondansateri, kopo la bati linalohifadhi umeme. Transfo ya mikroonde inapandisha volti 220 za nyumbani mpaka karibu 2,000, na ukiongeza kondansateri na diyodi, magnetroni inapata karibu 4,000. Hata ukichomoa waya kwenye prizi, kondansateri inaweza kubaki imejaa, inangoja kidole. Nilikumbuka jirani yangu na turnevisi yake, na mimi pembeni namwangazia kwa simu. Miguu ikaniishia nguvu. Tulikuwa tumecheza na kifo mara mbili, na mara zote mbili tulifurahi.

Kijana alisubiri mpaka apate vyombo vinavyofaa, akaitoa kwanza ile nguvu iliyobaki ndani. Sitaandika namna alivyofanya, kwa sababu sitaki mtu yeyote ajifunze kazi hiyo kwenye simu akiwa peke yake nyumbani. Akapima swichi tatu kwa multimetri ya kuazima. Moja ilikuwa imekwama kabisa. Ya pili ilikuwa inaelekea huko. Ya tatu, mlinzi, ilikuwa imeungua siku ya moto ule.

Tukaanza kutafuta piesi. Hapo ndipo nilipojifunza soko la mji wetu upya. Vitu vya umeme vinafika Lubumbashi kwa malori ya Kasumbalesa, vimetoka bandari za Dar es Salaam na Durban, vimepita Zambia. Mashini nzima zinakuja nyingi. Piesi peke yake zinakuja chache, maana hakuna mtu anayejaza lori swichi za ukubwa wa sukari. Katika soko la Mzee Kabila tulionyeshwa sahani za kioo, magurudumu ya chini ya sahani, hata magnetroni mbili zilizofungwa kwa gazeti. Swichi hakuna. Muuzaji mmoja alikuwa nazo, akatupa tatu zinazofanana kabisa. Kijana akasoma maandishi madogo ubavuni, akarudisha moja. Ilikuwa na umbo lilelile, lakini kazi yake kinyume: pale mlinzi anapotakiwa kuunganisha, yenyewe ingekata. Muuzaji akakasirika: “Zote ni swichi! Munachagua nini?” Tungezichukua zote tatu, mlinzi asingekuwepo, na mlango ukifungwa yenyewe ingeunganisha waya mbili na kuua fizibu tena.

Jioni nyingi tulizunguka. Mwishoni tulifika komini Kenya, kwa mzee mmoja ambaye karakana yake imejaa mikroonde zilizokufa, zimepangwa mpaka dari. Mzee akatueleza: magnetroni ikifa, watu wanaacha mashini, kwa sababu bei ya magnetroni inafukuzana na bei ya mashini nyingine ya mkono wa pili. Basi mashini iliyokufa moyo inabaki na viungo vizima: mota ya sahani, feni, swichi, mlango. “Hapa si makaburi,” alisema, “hapa ni duka la piesi.” Akamwacha kijana achague. Kijana alipima kila swichi kabla ya kuitoa, akaibonyeza mara nyingi akisikiliza mlio wake, akaitupa pembeni ile iliyosita. Mzee alikuwa anamwangalia tu. Swichi tatu na fizibu ya kweli, yenye ampea zilizoandikwa kwenye mashini, tulilipa 12,000 franka. Chini ya bei ya waya.

Tulipokuwa tunaondoka mzee akaniambia: “Huyu mtoto uniletee. Nitamlipa.”

Nilifikiri yaya atafurahi. Alinyamaza, kisha akasema: “Mudogo wangu, nilimtoa Bukavu ili amalize shule. Akishika pesa ya kila siku, hatarudi darasani. Nimeona wengi.” Kijana naye akasema hataki kula bure nyumbani mwangu. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu sikuwahi kumwambia anakula bure, lakini sikuwahi kumwambia kinyume pia. Tulizungumza usiku tatu. Mwishoni nilikwenda kwa mzee wa Kenya nikamweleza yote. Akakubali kijana aje mchana, baada ya masomo. Mwezi wa tisa kijana aliingia tena mwaka wa sita, katika shule iliyokubali kumpokea wakati tunaendelea kutafuta makaratasi yake. Sehemu ya minerval anailipa mwenyewe. Exetat bado iko mbele. Yaya bado ana wasiwasi, na mimi siwezi kumwambia kwamba hana sababu.

Sasa kwa ninyi mnaoniuliza ushauri, hasa familia zilizokimbia na kununua vyombo vya mkono wa pili ili kuanza maisha upya. Mimi si fundi, nasema yaliyonipata na niliyoelezwa na wanaojua. Mlango usiofunga vizuri, uliopinda au uliovunjika ndoano, msiununue hata kwa bei ya zawadi. Mkiona cheche ndani, zimisheni. Mara nyingi ni kile kikaratasi kigumu cha ubavuni, maika, kilichoungua kwa mafuta, na hicho ni piesi rahisi, fundi anaweza kukikata kwa mkasi. Sahani ikiacha kuzunguka, labda ni mota ndogo ya chini tu. Fundi aangalie volti iliyoandikwa juu ya ile ya zamani kabla ya kutia nyingine, maana zinafanana sura na hazifanani volti. Lakini fizibu ikikufa mara ya pili, msiulize bei ya fizibu. Ulizeni kwa nini inakufa. Na kabla ya kulipa, mwambieni fundi awaonyeshe fizibu iliyomo. Mkiona waya, rudisheni.

Na mbabula ikae nje. Hata baridi ikiwa kali.

Kwa mafundi mlionikasirikia: nilirudi kwa yule wa kwanza. Nilitaka kumgombeza, nikajikuta namsimulia ukuta wangu mweusi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema swichi hana, hajawahi kuzipata, na wateja hawakubali kungoja. “Wewe ungekubali?” Sikuwa na jibu, maana jibu alilijua tangu siku ile niliposema nina haraka. Nilimwelekeza kwa mzee wa Kenya. Nasikia alikwenda.

Ukuta wetu wa jikoni sijaupaka rangi. Swichi kubwa ya nyumba ilitengenezwa. Na juu ya mikroonde, kijana wa yaya aliandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, ili dada yake asome: NGOJA MLIO. Usiku, saa nane, nikiwa kitandani nasikia mashini inanguruma, mtoto ananung’unika, kisha “ting”. Baada ya mlio ndipo mlango unafunguka. Nageuka upande wa pili, nalala tena mpaka saa ya kazi.

Tusikilizane asubuhi.